Fahamu: Kompyuta inaposhika usukani

Droni inayoelea hewani kama mwewe huonekana imetulia. Ndani yake hakuna utulivu: kompyuta ndogo husoma mwinamo mamia ya mara kwa sekunde, hulinganisha na hali inayotakiwa, kisha huongeza au kupunguza kasi ya kila pangaboi.

Mwanafunzi wa uhandisi huanzia hapo. Kompyuta haioni mfululizo, huchungulia kwa vipindi. Ikichungulia mara chache mno, au ikichelewa kujibu, chombo huyumba. Anayeoga maji ya moto analijua hilo: anafungua bomba, maji bado baridi, anaongeza, mara yanamuunguza. Mkono haukukosea, taarifa ndiyo iliyochelewa kumfikia.

Tarehe 25 Mei 1972, nchini Marekani, rubani Gary Krier aliirusha ndege ya F-8 ya NASA ikiongozwa na kompyuta ya dijitali iliyotoka kwenye mradi wa Apollo wa safari za Mwezini. Fimbo ya rubani haikuunganishwa na mabawa kwa vyuma. Ilituma ishara za umeme tu.

Ujasiri wa kuiachia kompyuta usukani una gharama pale hesabu inapoteleza. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilisambaratika sekunde kama 40 baada ya kuanza safari. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye nafasi ya biti 16, ikagoma. Kompyuta ya akiba ilikuwepo, lakini ilibeba programu ile ile, na ilikuwa imeshazima kwa kosa lile lile.