Kidole Kikianza Kujikunja: Tiba ya Mionzi Hufaa Mapema

Mtu hugusa kiganja chake na kupata donge gumu karibu na kidole cha pete au kidole cha mwisho. Kwa kuwa haliumi sana, hulipuuza. Miaka ikipita, donge hilo huweza kuwa kama kamba chini ya ngozi, na kamba hiyo huvuta kidole hadi kisinyooke tena. Kunawa uso, kutia mkono mfukoni au kusalimiana huwa shida.

Ugonjwa huu huitwa Dupuytren, kutokana na jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa, Guillaume Dupuytren, aliyeueleza mwaka wa 1831. Hutokea wakati utando ulio chini ya ngozi ya kiganja unapokuwa mnene na kujikaza. Si saratani wala hauambukizwi. Mara nyingi hurithiwa katika familia, na huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Umeenea hasa kaskazini mwa Ulaya. Miongoni mwa Waafrika ni nadra, lakini hutokea. Kisukari, uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe kupindukia huhusishwa nao.

Mionzi hufanya nini?

Nchini Ujerumani, tiba ya mionzi imetumiwa kwa miaka mingi kuzuia ugonjwa huu usiendelee. Mgonjwa hupigwa mionzi kiganjani kwa siku 5, hupumzika wiki kadhaa, kisha hurudia siku 5 nyingine.

Madaktari wa Erlangen walifuatilia mikono 208 ya wagonjwa 135 kwa takriban miaka 13, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2010. Asilimia 59 ya mikono ilibaki ilivyokuwa, asilimia 10 ikapata nafuu, na asilimia 31 ikazidi kuwa mibaya.

Tofauti kubwa ilikuwa wakati wa kuanza tiba. Kwa waliotibiwa wakiwa na madonge tu, bila kidole kukunjika, asilimia 87 ya mikono haikuzidi kuwa mibaya. Vidole vilipokuwa vimeshaanza kukunjika waziwazi, mikono mingi iliendelea kuharibika licha ya tiba. Mionzi hainyooshi kidole kilichokwisha kukunjika. Hapo kwa kawaida upasuaji ndio huhitajika, na hata baada ya upasuaji ugonjwa unaweza kurudi.

Tahadhari

Utafiti huo haukuwa na kundi la wagonjwa wasiotibiwa la kulinganisha nalo, na kuna watu ambao donge lao halikui hata bila tiba. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa walibaki na ngozi kavu au nyembamba kiganjani. Hakuna saratani iliyosababishwa na mionzi hiyo iliyoonekana, lakini hatari ndogo haiwezi kuondolewa kabisa, hasa kwa vijana. Ndiyo maana uamuzi hufanywa na mgonjwa pamoja na daktari bingwa. Hapa Kenya, mashine za mionzi hutumiwa hasa kwa wagonjwa wa saratani.

Wakazi wafanye nini?

Weka kiganja juu ya meza. Kisipolala bapa, au ukihisi donge gumu, nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mhudumu kama kuna mtu katika familia mwenye tatizo hilo, na uombe kupimwa kisukari. Usikubali donge lichanjwe wala kuchomwa nyumbani.

Si kila kidole kilichokunjika kina ugonjwa huu. Kovu la moto, maradhi ya kano na ukoma pia huweza kukunja vidole. Mkono ukifa ganzi, au ngozi ikiwa na baka lisilohisi mguso, usingoje. Huenda ni ukoma, ambao hutibika kwa dawa, na kuchelewa huacha ulemavu wa kudumu.