Binti Yako Akiwa Mjamzito Bara

Wanachama wengi wana mabinti walioolewa Bara, na wengine wako hata Iringa. Binti akipata mimba, mzazi huku kisiwani hujituliza moyo akisema, "Ana kadi ya bima." Lakini kadi si daktari.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001. Kadi yake hupokelewa katika hospitali zenye mkataba na Mfuko, za Serikali na za madhehebu ya dini. Zanzibar tuna mfuko wetu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023. Basi msidhani tu kwamba kadi ya huku yatosha kule.

Tutoe mfano wa Tosamaganga, nje ya mji wa Iringa. Hospitali yake ni ya Jimbo Katoliki la Iringa, na shirika la CUAMM la Italia limeisaidia kwa miaka mingi. Mimba ingali changa, binti aende akaulize: Kadi yangu hupokelewa hapa? Daktari wa uzazi huwapo siku zipi? Yatakiwa barua ya rufaa kutoka zahanati? Nikihitaji upasuaji, bima italipa nini?

Damu ikianza kumtoka usiku, maswali hayo yamechelewa. Mpigieni simu leo.