Utitiri Mwekundu: Adui Anayeneemeshwa na Dawa

Utitiri mwekundu ni kiumbe ambaye jike wake aliyekomaa ana urefu wa takriban nusu milimita, sawa na kitone cha ncha ya kalamu karatasini, na ambaye huishi zaidi upande wa chini wa jani akifyonza seli za mmea moja baada ya nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku huitwa mdudu, na hakuna ubaya kumwita hivyo. Hata hivyo, kwa mpangilio wa wanabiolojia yumo katika kundi moja na buibui, nge na kupe, viumbe ambao wakikomaa huwa na miguu minane na hawana mabawa wala vipapasio. Tofauti hiyo si jambo la vitabuni tu, kwa kuwa dawa nyingi zinazonunuliwa madukani kwa ajili ya wadudu wa miguu sita humwacha utitiri akiwa hai huku zikiwaangamiza wale waliokuwa wakimla. Ndiyo maana mwenye bustani ndogo ya nyanya, iwe uani au ndani ya kitalu nyumba, anaweza kupuliza dawa kila wiki na bado akaona majani yakizidi kugeuka manjano: tatizo analopambana nalo limekuzwa, kwa sehemu kubwa, na bomba lake mwenyewe.

Jina moja, viumbe wawili

Jina la utitiri mwekundu hubeba angalau aina mbili ambazo mkulima wa Afrika Mashariki hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ni Tetranychus urticae, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1836, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi au manjano yenye mabaka mawili meusi ubavuni, na ambayo imeonekana kwenye zaidi ya aina 1,000 za mimea, yakiwemo maharage, matango, mapapai, pamba, mawaridi na hata bangi. Ya pili ni Tetranychus evansi, yenye rangi nyekundu inayoelekea chungwa, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambayo hupenda zaidi mimea ya ukoo wa nyanya, yaani nyanya zenyewe, bilinganya, viazi mviringo, nyanya chungu na mnavu. Aina hii ya pili iliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979, ikasambaa katika nchi za kusini mwa Afrika, na kufikia mwaka 2001 ilikwisha kutambuliwa nchini Kenya. Tanzania nayo haikusalimika. Kwa kuwa ilihamia katika bara jipya bila maadui iliokuwa nao kwao, ilikuta nyanya za wakulima wadogo zikiwa kama nyumba isiyo na mlinzi.

Madhara ya aina zote mbili huanza kwa njia ileile. Utitiri ana sindano mbili nyembamba mdomoni, ambazo huzichoma ndani ya seli ya jani na kunyonya vilivyomo, pamoja na klorofili, ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kila seli iliyonyonywa huacha kitone cheupe, na vitone vinapokuwa maelfu jani huonekana kama lililonyunyiziwa unga, kisha hugeuka manjano, hukauka rangi ya shaba na kupukutika. Wakati huohuo utitiri hufuma nyuzi laini kama za buibui, ambazo huwakinga dhidi ya baadhi ya maadui na matone ya dawa, na ambazo baadaye huwa ngazi ya kupandia hadi vileleni, mahali ambapo upepo huwachukua na kuwapeleka kwenye mimea mingine. Mkulima anayesubiri kuona utando ndipo achukue hatua huwa amechelewa kwa wiki mbili au tatu.

Uchelewaji huo hugharimu sana kwa sababu ya kasi ya uzazi. Katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, yai huanguliwa kwa muda wa siku tatu hivi, likatoa mtoto wa miguu sita anayepitia hatua mbili zaidi za ukuaji, na kiumbe huyo hukomaa baada ya wiki moja tu. Katika joto la nyuzi 20 safari hiyohiyo huchukua zaidi ya wiki mbili. Jike mmoja huweza kutaga mayai 100 au zaidi maishani mwake, na mayai ambayo hayakurutubishwa hayaharibiki, bali hutoa madume, kiasi kwamba jike mmoja asiyewahi kukutana na dume anaweza kuzaa madume, akapandwa nao na kuanzisha ukoo mzima. Ikichukuliwa kwamba kati ya watoto 100 wa jike mmoja 75 ni majike, na kila mmoja wao naye akataga mayai 100, kizazi cha pili kitakuwa na mayai 7,500 kabla mwezi haujaisha. Ukame, joto na vumbi la barabarani huongeza kasi hiyo, na kitalu nyumba, ambacho huzuia mvua inayoosha majani na kuhifadhi joto la mchana, huwa makazi ya starehe kwao.

Namna dawa zilivyomlea

Katika kilimo cha kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utitiri hakuhesabiwa miongoni mwa maadui wakubwa wa mazao mengi, kwa sababu maadui wake wa asili walimweka chini. Hali ilibadilika baada ya kuenea kwa DDT, dawa ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939. Katika mashamba ya matunda ya Marekani na Ulaya dawa hiyo iliwaua mbawakawa wadogo na utitiri walao nyama, lakini haikumuua utitiri mla majani, ambaye ghafla alijikuta peke yake mezani. Dawa za jamii ya oganofosfeti zilizofuata zilimdhibiti kwa muda mfupi tu, kwani kufikia mwaka 1949 utitiri wasiosikia dawa hizo walikuwa wamekwisha kuonekana katika vitalu nyumba vya Marekani.

Hali hiyo ya kutosikia dawa huitwa usugu, nayo hutokea bila muujiza wowote. Katika maelfu ya utitiri walio kwenye mmea mmoja, wachache huzaliwa na uwezo wa kuivunjavunja sumu au kuizuia isifanye kazi mwilini. Dawa inapopulizwa wengine wote hufa, nao wachache hao hubaki kuwa wazazi wa kizazi kinachofuata, ambacho hufika baada ya siku chache. Kwa kuwa vizazi hupishana haraka, na kwa kuwa dume hubeba nusu tu ya urithi na hivyo hawezi kuficha tabia yoyote aliyorithi, uchujaji huo hukamilika upesi sana. Wanasayansi waliochapisha ramani ya vinasaba vya Tetranychus urticae mwaka 2011 walikuta hazina kubwa ya vinasaba vya kuvunja sumu, zikiwemo zile ambazo mimea hujitengenezea ili isiliwe. Kwa maneno mengine, kiumbe aliyezoea kula mimea ya kila namna alikuwa amejiandaa kwa kemia ya viwandani kabla viwanda havijajengwa.

Mkulima mdogo hurudia historia hiyo katika eneo la mita chache za mraba. Akiona kipekecha majani au nzi weupe, hupuliza dawa yenye nguvu ya jamii ya pareto iliyotengenezwa viwandani, ambayo huua karibu kila kiumbe anayekula wenzake, na wiki mbili baadaye utitiri hufumuka. Akirudia dawa ileile kwa kipimo kikubwa zaidi, au akichanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, huongeza gharama, huacha mabaki ya sumu kwenye nyanya zitakazoliwa na watoto wake, na huharakisha usugu. Lawama haimstahili yeye peke yake, kwa kuwa mara nyingi hana mshauri mwingine zaidi ya muuza dawa. Lakini hasara huwa yake yote.

Adui wa adui

Njia nyingine ilifunguka kwa bahati mwaka 1958, wakati maua ya okidi yaliyopelekwa Ujerumani kutoka Chile yalipobainika kubeba utitiri mdogo mwenye mwili wa rangi ya chungwa na miguu mirefu, ambaye hali majani, bali huwinda utitiri wengine. Huyo ni Phytoseiulus persimilis. Katika hali nzuri jike wake huweza kula mayai yapatayo 20 ya utitiri kwa siku, hukua haraka kuliko windo lake, na hupenya ndani ya utando ambao maadui wengine huukwepa. Katika miaka ya 1960 wakulima wa matango wa Uholanzi na Uingereza walianza kumtumia, na mwaka 1967 mmoja wao, Jan Koppert wa Uholanzi, alianza kuwafuga na kuwauza kwa wenzake. Leo wawindaji hao huzalishwa pia nchini Kenya, na mashamba ya mawaridi ya Naivasha, ambayo hapo awali yalitegemea dawa za utitiri, huwamwaga juu ya majani kama silaha yao ya kila siku.

Hata hivyo, mafanikio ya waridi hayakuhamia kwenye nyanya moja kwa moja. Vinyweleo vyenye gundi vya mnyanya humsumbua mwindaji huyo, na Tetranychus evansi si windo linalomfaa, kwani akimla hazai vizuri. Watafiti walirudi Amerika ya Kusini, nyumbani kwa adui mwenyewe, na huko kusini mwa Brazili wakampata Phytoseiulus longipes, ambaye humla vizuri hata kwenye mnyanya. Uchunguzi wake ulihusisha pia kituo cha kimataifa cha icipe kilichopo Nairobi. Kituo hichohicho kilichunguza kuvu ya Metarhizium, ambayo mbegu zake hunata kwenye ngozi ya utitiri, zikachipua na kumla kutoka ndani, na aina moja ya kuvu hiyo imetengenezwa kuwa dawa ya kibiolojia inayouzwa Kenya. Funzo la jitihada hizi ni kwamba silaha ya kibiolojia hudai ujuzi: mtumiaji hana budi kujua ni utitiri gani aliye naye kabla ya kununua mwindaji.

Kazi ya mwenye bustani ndogo

Kazi ya kwanza, ambayo haina gharama, ni kukagua. Mara mbili kwa wiki, mkulima hupaswa kugeuza majani ya chini na ya katikati ya miche kadhaa, hasa iliyo karibu na mlango, njia na kingo zenye vumbi, akiyatazama kwa kioo cha kukuzia. Asipokuwa nacho, hukung'uta jani juu ya karatasi nyeupe na kutazama kama vitone vilivyoanguka vinatembea. Hukagua kwanza miche yenye afya na kumalizia yenye dalili, kwa kuwa utitiri husafiri kwa nguo, mikono na kamba za kufungia.

Kazi ya pili ni kuyafanya mazingira yasimpendeze. Majani yaliyoshambuliwa hukatwa, hutiwa ndani ya mfuko palepale, kisha huchomwa au kufukiwa mbali. Mnavu unaoota pembeni hung'olewa, na mabaki ya nyanya zilizokwisha kuvunwa hayaachwi yakauke shambani, kwa kuwa utitiri huyahama na kuingia kwenye miche mipya. Mmea haupaswi kuachwa uone kiu, wala kulishwa mbolea nyingi ya naitrojeni kama urea, ambayo hufanya majani yawe laini na yenye lishe inayoongeza utagaji. Kuosha upande wa chini wa majani kwa maji yenye msukumo, asubuhi na mapema ili yakauke kabla ya usiku na yasikaribishe ukungu, huangusha utitiri wengi na kuondoa vumbi. Msimu unaofuata, eneo lililokuwa na Tetranychus evansi hufaa kupandwa vitunguu au kabichi, mazao ambayo si chakula chake.

Dawa huja baada ya hayo yote, tena kwa kuanzia na zile zisizoacha sumu ya kudumu. Sabuni laini ya maji, kwa kipimo cha mililita 10 hadi 20 katika kila lita, huua utitiri waliolowa tu na huacha mayai mengi, kwa hiyo hujaribiwa kwanza kwenye majani machache, hupulizwa chini ya majani na hurudiwa baada ya siku tano hadi saba. Mafuta ya mbegu za mwarobaini hupulizwa jioni, kwani jua huzivunja nguvu zake, na unga wa salfa haufai joto linapozidi nyuzi 30, kwa sababu huunguza majani. Pale inapolazimu kutumia kiuatilifu cha viwandani, kinachofaa ni kile kilichotengenezwa mahususi kwa utitiri na kusajiliwa na mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hakipaswi kurudiwa mfululizo, bali hupishanishwa na cha kundi lingine lenye namna tofauti ya kuua, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko, huheshimiwa bila kupunguzwa.

Hakuna hata moja ya hatua hizi inayoahidi bustani isiyo na utitiri kabisa, na ahadi ya namna hiyo ndiyo iliyowaingiza wakulima wengi katika mzunguko wa bomba na usugu. Bustani yenye afya ni ile ambayo utitiri wachache wamo, na wanaowala wamo pia, na mwenye bustani anajua idadi yao inaelekea wapi kwa sababu juzi aligeuza jani na leo amegeuza tena.