Kwa Nini Maabara Huomba Damu Tena: Seli Nyekundu Zinapopasuka

Mgonjwa anayeambiwa arudi maabara atolewe damu kwa mara ya pili ana haki ya kuuliza sababu. Wengine hawaulizi; hunung'unika kwamba damu yao inapelekwa kusikojulikana, na wapo wanaoondoka bila majibu. Mara nyingi sababu ni kwamba katika chupa ya kwanza seli nyekundu za damu zilikutwa zimepasuka, na maabara inataka kujua zilipasukia wapi: ndani ya mwili, au baada ya damu kutoka mwilini.

Seli nyekundu hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu hadi kila sehemu ya mwili. Ndani yake mna himoglobini, protini yenye madini ya chuma ambayo ndiyo huipa damu rangi yake. Seli moja huishi takriban siku 120, kisha wengu na ini huiondoa, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza karibu seli milioni 2 kila sekunde. Himoglobini iliyovunjika huacha rangi ya manjano iitwayo bilirubini, nayo ini huitoa kupitia nyongo. Shida huanza pale seli zinapopasuka kwa kasi kuliko uboho unavyoweza kufidia.

Hapo mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio, na viganja na sehemu ya ndani ya kope hupauka. Bilirubini ikizidi, weupe wa macho hugeuka manjano. Seli zikipasuka kwa wingi ndani ya mishipa, himoglobini hupita kwenye figo na mkojo hutoka na rangi ya kahawa tungu. Macho ya manjano si ugonjwa bali ni dalili, na kuyatafutia mizizi ya kuchemsha kabla ya kujua chanzo hupoteza siku ambazo mtoto huenda hana.

Katika Kaunti ya Kilifi chanzo cha kwanza cha kufikiriwa ni malaria. Kimelea huingia ndani ya seli nyekundu, huzaana humo, kisha huipasua na kuvamia nyingine, mzunguko unaochukua takriban saa 48. Mtetemeko na homa huja seli hizo zinapopasuka kwa pamoja.

Cha pili ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Seli za mgonjwa hujikunja kama mundu na huishi siku 10 hadi 20 tu. Pwani ya Kenya ina historia katika elimu ya ugonjwa huu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi na kukuta kwamba chembe ya urithi ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa sababu yake: mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye huugua. Baba na mama wote wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa, na hakuna wa kulaumiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vinne barani Afrika, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea huwapunguzia watoto hawa maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo. Mtoto akiongezewa damu kabla ya kupimwa, seli za mchangiaji zinaweza kuvuruga majibu kwa miezi kadhaa, kwa hivyo inafaa sampuli ya kipimo hiki ichukuliwe kwanza.

Kuna pia upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata zaidi wavulana. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi bila dalili yoyote hadi akutane na kitu kinachovunja seli zake. Baadhi ya dawa, kama primakwini na dapsoni, ni hatari kwake. Vidonge vya nondo vinavyowekwa kabatini vina hatari hiyo pia, hasa nguo au blanketi iliyohifadhiwa navyo inapofunikwa mtoto mchanga kabla ya kufuliwa. Hina nayo imo. Kwa bibi harusi haina neno, lakini kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huu imewahi kuleta maafa. Mtoto anayegeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa hapaswi kusubiri jua la asubuhi. Apelekwe hospitalini mara moja, kwa kuwa bilirubini ikipanda sana huharibu ubongo.

Huko maabara, damu huzungushwa kwa mashine hadi seli zitulie chini ya chupa na maji ya damu yabaki juu. Maji hayo huwa na umanjano hafifu. Yakiwa ya waridi au mekundu, seli zimepasuka. Mara nyingi mgonjwa hahusiki hata kidogo: sindano ilikuwa nyembamba mno, bomba lilivutwa kwa nguvu, chupa ilitikiswa, au sampuli kutoka zahanati ya mbali ilichelewa njiani, juu ya pikipiki, juani.

Kuikataa sampuli kama hiyo si uvivu. Ndani ya seli nyekundu mna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyo katika maji yanayozizunguka. Zikipasukia chupani, kipimo huonyesha potasiamu nyingi ambayo mgonjwa hana. Potasiamu nyingi inaweza kusimamisha moyo, hivyo daktari angeharakisha kuishusha, na mtu ambaye yake ilikuwa sawa, au imeshuka kwa kuharisha, angedhuriwa na tiba asiyoihitaji.

Sampuli ya pili ndiyo huamua. Ikitoka safi, ya kwanza iliharibika mkononi au njiani. Ikitoka nyekundu tena, ilhali imechukuliwa kwa uangalifu, inawezekana kabisa seli zinapasuka ndani ya mgonjwa, na daktari hupewa habari haraka. Hufuata vipimo vya himoglobini, bilirubini, mkojo na wingi wa seli changa, pamoja na tone la damu chini ya hadubini, ambapo vimelea vya malaria au seli zenye umbo la mundu huonekana. Kipimo cha Coombs, kilichobuniwa Uingereza mwaka 1945, huonyesha kama kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayozishambulia seli. Kwa mtu mzima, chupa moja huchukua mililita 2 hadi 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, katika lita 5 hivi alizo nazo mwilini.

Aliyetibiwa malaria kali kwa sindano za artesunate ana sababu nyingine ya kurudi kupimwa. Anaweza kuonekana amepona, kisha seli zake zikaanza kupasuka wiki moja au zaidi baada ya matibabu. Ndiyo maana himoglobini yake hufuatiliwa kwa wiki nne, hata kama mtoto ameshaanza kucheza. Mkojo ukigeuka mweusi kabla ya tarehe aliyopewa, aende siku hiyo hiyo, akiwa na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na majina ya dawa zote alizotumia, za mitishamba zikiwemo.