Je, Wajua? Jua Hupita Utosini mwa Gachoka Mara Mbili kwa Mwaka

Watu husema sisi wa Ikweta hatuna majira. Tunayo, ila yetu hayajulikani kwa theluji wala kwa majani kupukutika. Yanajulikana kwa mvua. Tusimame Gachoka, Mbeere Kusini, katika kaunti ya Embu, tutazame jua linavyofanya kazi yake.

Je, wajua kuwa Dunia imeinama? Mhimili wake umelala kwa nyuzi 23.4, na Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinamia upande ule ule mwaka mzima. Juni, ncha ya kaskazini ndiyo huwa imelielekea jua. Desemba ni zamu ya kusini. Majira yote ya ulimwengu huanzia hapo.

Je, wajua kuwa joto la majira halitokani na kulikaribia jua? Dunia huwa karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Mkazi wa Gachoka anayejifunika blanketi Julai anaweza kudhani keshapata jibu. Ampigie simu ndugu yake aliye London, anayetetemeka Januari. Baridi yetu ya Julai huletwa zaidi na mawingu, pamoja na upepo wa kusini-mashariki unaobeba unyevu wa Bahari ya Hindi hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Je, wajua kuwa siri yote iko kwenye pembe? Adhuhuri ya Desemba 21, jua la London huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga wenye upana wa mita moja huanguka kimshazari na kutandazwa kwenye karibu mita nne za ardhi. Gachoka, hata siku ambayo jua limeinama kuliko siku zote, adhuhuri huwa liko nyuzi 66, na mita moja ya mwanga hufunika mita 1.1 tu. Ni kama kijiko kimoja cha mafuta: kuna anayekaangia chapati moja, na kuna anayelazimika kukigawa kwa chapati nne.

Je, wajua kuwa Gachoka iko kama nyuzi 0.7 kusini mwa Ikweta? Kwa hiyo jua hufika utosini hapo karibu na Machi 18, likielekea kaskazini, na tena karibu na Septemba 24, likirudi kusini. Siku hizo, adhuhuri, mtu aliyesimama wima hukanyaga kivuli chake.

Je, wajua kuwa adhuhuri hiyo haifiki saa sita kamili? Saa zetu za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, inayopita karibu na Mogadishu. Gachoka iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua huchelewa. Machi 18 hufika kileleni kama saa sita na dakika 38. Septemba 24, kama saa sita na dakika 22.

Je, wajua kuwa kivuli cha Gachoka huhama upande? Simika mpini wa jembe wenye urefu wa mita moja. Adhuhuri ya Juni 21 kivuli chake huangukia kusini, sentimita 45 hivi. Desemba 21 huangukia kaskazini, sentimita 42 hivi. London, kivuli cha adhuhuri hakigeuki kamwe: siku zote ni kaskazini.

Je, wajua kuwa siku ndefu kuliko zote Gachoka huizidi fupi kuliko zote kwa dakika 5 tu hivi? London, mchana wa Juni hupita saa 16 na nusu, na wa Desemba haufikishi saa 8. Ndiyo maana saa ya Kiswahili inatufaa sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja. Ukiipeleka hesabu hiyo London, utakuwa ukirekebisha saa kila wiki.

Je, wajua kuwa, hata hivyo, macheo ya Gachoka hayakai mahali pamoja? Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika 10. Katikati ya Februari, kama saa kumi na mbili na dakika 40. Mtoto anayetoka kwenda shule gizani Februari hadanganyi. Chanzo ni ule mwinamo, pamoja na njia ya Dunia ambayo si duara kamili.

Je, wajua kwa nini tuna misimu miwili ya mvua? Jua likipita utosini huchemsha nchi, hewa hupanda, na ukanda wa mawingu hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa. Likipita Machi, masika hukolea Aprili. Likirudi Septemba, vuli huanza Oktoba na kukolea Novemba. Ndengu, kunde na mtama wa Mbeere huitegemea safari hiyo ya kwenda na kurudi.

Je, wajua kuwa kamusi huweza kukupoteza? Mara nyingi “vuli” hutumiwa kutafsiri majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Kwetu vuli ni mvua fupi, wakati majani yanapochipuka! Na katika nyanda kavu za mashariki mwa Kenya, mvua hizo “fupi” ndizo mkulima anazozitegemea kuliko ndefu.

Je, wajua kuwa majirani Wakikuyu huyaita majira kwa mazao? Masika ni mbura ya njahi, mvua ya njahi, jamii ya maharagwe. Vuli ni mbura ya mwere, mvua ya mawele.

Je, wajua kuwa jua lile lile linaloichoma Gachoka ndilo linaloimulika barafu ya Mlima Kenya? Pembe ni karibu ile ile. Tofauti ni kimo, maana kilele kiko mita 5,199. Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui, Desemba 3, 1849. Ulaya kulikuwa na wataalamu waliokataa katakata kwamba kuna theluji Ikweta.

Je, wajua kuwa watu wa Muscat, Oman, nao hufikiwa na jua utosini, karibu kabisa, lakini mara moja tu? Mji huo uko kaskazini kidogo mwa Tropiki ya Kansa, mstari ambao jua hufika Juni 21 na kugeuka.

Je, wajua kuwa paneli ya sola Gachoka haihitaji kuinamishwa sana? Jua hulitazama paa kutoka juu mwaka mzima. Mwinamo mdogo unatosha, ili mvua ioshe vumbi.

Je, wajua kuwa jua hutimiza ahadi kuliko mvua? Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu nyingi kame za Kenya. Miaka yote hiyo jua lilipita utosini kwa tarehe zake. Mwinamo wa Dunia hutuambia mvua inapaswa kuja lini; kama itakuja, huamuliwa na bahari na pepo.

Basi Machi 18, simika ule mpini wa jembe. Kivuli kikimezwa na shina lake, kagua mbegu zako.