Taa za Nyuma na Indiketa katika Magari ya Zamani ya Jeshi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Magari ya zamani ya jeshi yaliundwa ili yasionekane kwa urahisi usiku. Barabara za leo zinadai kinyume chake. Mnunuzi anapaswa kuielewa tofauti hiyo kabla ya kulipa, hata kama injini ni nzima na rangi inang'aa.

Taa zilivyokuwa awali

Jeep aina ya Willys MB, iliyotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1941 hadi 1945, haikuwa na indiketa. Dereva alitoa mkono. Nyuma ilikuwa na taa mbili, lakini ya kushoto pekee ndiyo iliyotoa mwanga wa kawaida wa nyuma na wa breki. Ya kulia ilikuwa ya mwendo wa gizani tu: mwanga hafifu wa kumwezesha dereva wa nyuma katika msafara kukadiria umbali bila kuonekana na adui.

Kwa hiyo, taa ya kulia isiyowaka haimaanishi lazima kuwa ni mbovu. Hata hivyo, hatari ipo. Usiku, dereva anayefuata huweza kulidhania gari hilo kuwa pikipiki. Panapoendeshwa upande wa kushoto wa barabara, upande usiowaka ndio unaopitwa.

Swichi na umeme

Magari ya Marekani ya baada ya vita, kama M151, yana swichi ya taa yenye vishikio vitatu. Ikiachwa kwenye nafasi ya mwendo wa gizani, taa za kawaida za breki na indiketa haziwaki.

Nguvu ya umeme nayo hutofautiana. Willys MB hutumia volti 6. M38 na M151 hutumia volti 24. Magari mengi ya kiraia hutumia volti 12. Globu ya volti 12 ikifungwa kwenye mfumo wa volti 24 huungua. Ya volti 24 kwenye mfumo wa volti 12 hutoa mwanga hafifu mno. Mafundi wengine huchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili; njia hiyo huzifanya betri zichajiwe bila uwiano na kuharibika mapema.

Mnunuzi anashauriwa:

1. Awashe taa zote, kisha asimame nyuma ya gari huku mtu mwingine akikanyaga breki.
2. Ahesabu mimweko ya indiketa. Kiwango kinachokubalika katika nchi nyingi ni mara 60 hadi 120 kwa dakika. Mmweko wa kasi kupita kiasi mara nyingi huashiria globu iliyoungua, au globu za LED zisizooana na kifaa cha kumwesha.
3. Akague kutu mahali waya unapoungana na bodi. Muunganiko mbovu hufifisha taa.
4. Aongeze taa kamili ya kulia, indiketa na viakisi vyekundu, kwa waya na fyuzi za pekee. Kazi hiyo hufanyika bila kuondoa taa za asili.
5. Aulize mamlaka ya usajili kuhusu masharti ya taa kabla ya kununua.

Muuzaji akidai kwamba taa zote zinafanya kazi, mwombe aandike hivyo kwenye hati ya mauzo, akitaja kila taa. Hati hiyo itakusaidia iwapo utahitaji kudai haki yako.