Zana za Mafundi katika Picha za Rangi za Maji

Kamusi mara nyingi hueleza chombo cha kazi kwa maneno "aina ya", kisha hunyamaza. Msomaji asiyepata kuona tezo hawezi kuitenga na shoka. Vyote viwili vina mpini na chuma. Lakini makali ya shoka hufuata urefu wa mpini, na yale ya tezo hukingama kama ya jembe. Picha hulionyesha jambo hilo mara moja.

Kazi kubwa ya namna hii ilifanyika Marekani kati ya 1935 na 1942, wakati wa uhaba mkubwa wa ajira. Serikali iliwaajiri wachoraji mamia kadhaa, ikawaagiza wachore vitu vya mafundi wa kale: mitungi, mifarishi ya viraka, kalibu za siagi, vielekeza upepo vya juu ya mapaa, zana za chuma na za mti. Mkusanyo huo, uitwao Index of American Design, una picha zipatazo 18,000, nao umo katika National Gallery of Art, mjini Washington, tangu 1943.

Kwa nini brashi, si kamera? Picha za kamera zenye rangi zilikuwa ghali siku zile, na rangi zake hazikuaminika. Mchoraji alianza kwa kalamu ya risasi, akapaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, akiacha weupe wa karatasi mahali pa mwanga. Hivyo kutu, ufa wa mti, hata pale kiganja kilipoulainisha mpini, huonekana wazi.

Pamoja na picha iliandikwa karatasi ya maelezo: jina la kitu, umri wake, mwenye kukitengeneza akijulikana. Kwangu mimi mwanaisimu, karatasi hiyo haipungui thamani mbele ya picha. Hata hivyo kazi za wenyeji wa asili wa Marekani hazikuingizwa, kwa hoja kwamba ni shughuli ya wanaetnolojia. Hoja hiyo hainiridhishi.

Misalaba ya shaba ya Katanga twaijua sote kwa picha. Ni wangapi kati yetu wawezao kutaja, kwa lugha ya nyumbani, sehemu za mvukuto uliopuliza moto wake? Mwanafunzi aendaye kijijini kutafiti tasnifu yake achukue kisanduku cha rangi pamoja na kinasa sauti. Achore mbele ya fundi, aulize jina la kila sehemu na kitenzi cha kazi yake, atie alama za toni, kisha aandike jina la fundi mwenyewe.